Kiraka

Jumatatu, saa mbili unusu, Kamukunji imeshaanza kupiga:
nyundo juu ya bati, bati juu ya reli kuukuu.
Napanda ngazi ya nje hadi ofisi ya ushirika wa mafundi,
kufuli mbili, kiti kimoja kizima,
na ile kompyuta wanayoiita Shangazi
inanguruma mezani kama mtu anayesafisha koo.

Kila Jumatatu kikaguzi humpima Shangazi.
Humzunguka kama askari wa zamu na tochi yake,
hugonga milango yote, wa kwanza hadi wa elfu sitini na tano,
kisha huniandikia: huu haukufungwa,
nywila hii ni jina la mwenye ofisi,
ufa huu unajulikana, kiraka chake ni hiki.
Nabandika kiraka. Tunakunywa chai.

Leo hakikumpima.
Kimeleta toleo jipya, nalo limekataa kuketi.
Sentensi moja, haina hasira, haina pole:
*Mfumo endeshi huu hauhudumiwi tena.*
Nikabonyeza tena.
Mtu hubonyeza tena.

Syombua, mweka hazina, daftari la hisa kifuani:
“Si kile cha zamani bado kipo? Washa hicho.”
Nikakiwasha. Kikazunguka, kikagonga,
kikarudi na ukurasa mzima wa kijani.
“Unaona! Shangazi mzima kabisa!”
Nikatafuta namna ya kumwambia
kwamba kijani hiki si cha majani,
ni cha mkaguzi aliyeacha kusoma mwezi Machi.
Ugonjwa wa Aprili haujui jina,
na asichokijua jina hukipita mlangoni, akakiamkia.
Wezi, wao, wanasoma kila usiku.

Na humo ndani mna watu mia tatu na kumi na wawili.
Mna akiba ya Wamaitha wa masanduku ya shule,
mna mkopo wa marehemu wa mabeseni
ambao mwanawe analipa mia mbili mia mbili.

Oyugi akapanda ngazi, masizi hadi viwikoni.
“Nasikia imetoboka.”
Nikamwambia itatoboka. Au imeshatoboka,
ila sasa hatuna wa kutuambia.
“Basi ziba! Mimi nimeziba karai
lililobaki mdomo tu.”
“Kiraka cha hii hutoka kwa aliyeifua,
na aliyeifua ameacha kufua viraka vyake.”
Akaikodolea macho.
“Kwani bati lake limeisha duniani?”

Halijaisha. Nilijua halijaisha.
Aliye nalo ameamua kuwakatia wengine.

Bei ya kompyuta mpya ni bei ya paa la banda la tatu,
linalovuja juu ya mafundi kumi na mmoja.
Mkutano ni Juni. Mvua ni sasa.

Nikaingiza mkono nyuma ya Shangazi, penye vumbi na joto,
nikachomoa kebo ya mtandao.
Ikalia *tk*, basi.
“Na wanachama wa Gikomba watatuma vipi?”
“Watapanda ngazi, Syombua. Na karatasi.”
Akafungua daftari, akatafuta kalamu,
hakunitazama.

Jumatano nikakuta sanduku mezani.
Bati zito, pembe zimekunjwa mara mbili,
matundu ya kupumulia yamepangwa kwa msumari, safu kwa safu,
kitasa, kufuli ya tatu,
na Shangazi ndani yake, ananguruma.
Oyugi kando, anafuta mikono ambayo haifutiki,
ananisubiri niseme.

Najua njia anazoingilia mwizi. Hakuna hata moja
iliyopita kwenye bati.
Nikapitisha kidole juu ya mshono.
Hata maji yasingepenya.

“Umeziba,” nikasema.
Akacheka, akashuka ngazi mbili mbili,
na punde si punde, kati ya nyundo zote za chini,
nikaijua yake.